Joto la Turbo na Mguu wa Mama Mkwe

Siku mama mkwe wangu aliposhuka garini mwangu na kandambili moja, ile nyingine hakuisahau. Ilikuwa imenasa. Mpira wake ulikuwa umelainika ukashikana na zulia la sakafuni, upande wa abiria, na kila nilipoivuta ilirefuka kama chingamu. Mama mwenyewe alisimama kando ya barabara ya Marafa kwa mguu mmoja, buibui limejaa vumbi, akaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko matusi:

"Mwanangu, wanipeleka kwa binti yangu ama wanipika?"

Gari lilinuka plastiki iliyoungua, na nilipogusa boneti ili niifungue, vidole viliniambia kwamba hilo lilikuwa wazo la kipumbavu.

Gari hilo nilikuwa nimelinunua kwa tamaa, na neno hilo sina haja ya kulipamba. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Malindi. Watu wana picha yao ya gari la mwalimu wa kike: dogo, jeupe, lenye mwendo wa adabu. Mimi nilitaka turbo. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akihamia bara alinipa lifti hadi Kilifi siku moja, katika gari lake refu lenye tundu kubwa juu ya boneti, na alipokanyaga mafuta kulipita lori, mgongo wangu ulibandikwa kwenye kiti nikacheka peke yangu kama mlevi. Mwezi uliofuata gari lilikuwa langu.

Turbo, kwa asiyejua, ni kijifeni cha chuma. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini hukizungusha, nacho huisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingejivutia yenyewe. Watu husema hizo ni nguvu za bure. Hawasemi kwamba kifaa hicho kikichapa kazi hugeuka kaa la moto, na kaa hilo limefungiwa ndani ya sanduku la bati pamoja na nyaya, mipira na plastiki, katika mji ambao siagi hugeuka mafuta kabla hujaipaka kwenye mkate.

Mume wangu hufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, na maneno huyatumia kwa uchache. Nilipolileta gari nyumbani alilizunguka mara mbili, akalitazama lile tundu la boneti, akasema, "Lina pua kama ya mama." Kisha akaingia ndani kula.

Mama mwenye pua hiyo huishi Ngomeni. Watu wao walitoka visiwa vya kaskazini zamani, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba hata akikutukana wahisi umeombewa dua. Binti yake, yaani wifi yangu, ameolewa Marafa, na wakati ule alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wa saba. Kila Jumamosi mama alitaka kwenda kumkagua. Naam, kumkagua, kama mkaguzi wa shule: anakula nini, analala ubavu gani, maji ya kunywa yametoka wapi. Kabla sijanunua gari alikuwa akibadilisha magari matatu njiani. Baada ya hapo alikuwa na mimi.

Jumamosi ile ya kandambili alianza kulalamika tulipopita Mambrui.

"Mguu wangu wa kushoto umetangulia jehanamu," alisema. "Mimi mwenyewe ningali hai."

"Ni jua, mama."

"Jua laingia kwa chini?"

Nilitazama mshale wa joto la maji kwenye dashibodi: ulikuwa katikati, umetulia, hauna habari na mtu. Nikajiambia ni uzee, na damu ya miguuni. Barabara ilianza kupanda, mashimo yakazidi, mwendo ukapungua, na kadiri tulivyokwenda polepole ndivyo joto lilivyoingia. Harufu ilipokuja nilisimama.

Nilifungua boneti kwa kutumia leso yangu. Kifuniko cha plastiki kilicho juu ya injini kilikuwa kimejikunja kama ngozi ya samaki kwenye kikaango. Hakuna maji yaliyochemka, hakuna bomba lililopasuka. Joto tu, limetulia pale kama limelipia chumba. Mama alitoa beseni alilomnunulia binti yake, akamimina chupa mbili za maji ya kunywa, akaketi juu ya jiwe na kutumbukiza mguu. Gari la watalii likapita likielekea kwenye korongo la Marafa, lile ambalo wageni hulifungia safari kuona ardhi nyekundu iliyoungua, wakati mimi yangu nilikuwa nayo chini ya boneti. Mmoja wao akampiga picha mama. Mama akampungia mkono.

"Kawaonyeshe kwenu," akasema, akitabasamu. "Waambie huyu ndiye mkwe wa mwalimu."

Wiki iliyofuata nililipeleka gari gereji. Fundi wa kwanza alinisikiliza nusu dakika, akasema injini inachemka. Nikamwambia mshale haupandi.

"Mshale ni muongo, mwalimu."

Akabadilisha rejeta inayopoza maji ya injini. Joto likabaki. Akang'oa themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini, akisema kwamba huku pwani hakina kazi, ni cha nchi za baridi. Baada ya hapo mshale haukutoka chini kabisa, gari likawa linakunywa petroli kama limetoka kufunga, na sakafu ya abiria ikaendelea kuchoma vilevile. Fundi wa pili aliinua boneti kwa upande wa nyuma, karibu na kioo, kwa kuitilia washa, vile vipete vinene vya chuma, kwenye bawaba, ili joto litoke. Gari likabaki na sura ya mtu aliyeinua nyusi kwa mshangao, na harufu yote ya injini ikawa inaingia ndani tulikokaa.

Nilijionea aibu. Kila siku nawagombeza wanafunzi kwamba wasome swali kabla ya kukimbilia kanuni. Mshale uliniambia wazi kwamba maji ya injini hayana shida, nami nikakubali kubadilisha kila kitu kinachohusu maji.

Jumamosi nilikwenda Ngomeni kwa gari la kukodi, kumwambia mama kwamba nimeshindwa, nitaliuza. Alikuwa uani akiparua magamba ya samaki changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu kikienda bila kusimama.

"Pwani hii yuko mtu mmoja tu ajuaye moto," akasema bila kuniangalia. "Nami sisemi naye."

"Nani huyo, mama?"

"Baba wa mumeo."

Hapo ilinibidi nikae chini. Wakwe zangu waliachana mume wangu akiwa na miaka kumi na wifi yangu bado ananyonya. Tangu hapo, miaka thelathini, hawakuzungumza. Yeye Ngomeni, mzee Malindi, na salamu zote zilipitia kwa watoto kama barua za serikali. Kisa chenyewe nilikisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Wengine huachana kwa ajili ya wanawake. Hawa waliachana kwa ajili ya kuni. Mzee ni fundi wa kujenga majiko ya kuokea piza, ya matofali, yale ya mviringo yaliyo kwenye mahoteli na majumba ya Waitaliano. Alianza akiwa kijana, na hajui kuuona moto akaupita. Kila mkewe alipoinjika chungu, yeye alikuja kuchutama na kuchomoa ukuni mmoja. Au kuuongeza. Au kuusogeza kidogo kulia.

"Nimepika mimi tangu ubinti wangu," mama alisema. "Miaka kumi na miwili nimeolewa, sikupata kuivisha chungu kimoja cha wali kwa moto wangu mwenyewe. Siku moja nikamwambia, chagua, ni mimi ama ni kuni. Akafikiri! Wallahi, mwanangu, alisimama akafikiri."

Nilimkuta mzee kwenye bustani ya nyumba moja ya wageni karibu na ufuo. Au niseme niliikuta miguu yake, maana kilichobaki kilikuwa ndani ya jiko alilokuwa akilijenga.

"Shikamoo, baba," niliiambia miguu.

"Marahaba," jiko likajibu. "Nani?"

"Mkeo wa Malindi," nikasema, kwa utani wetu wa siku zote, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikimpikia sikukuu.

Alitoka kinyumenyume, mweupe kwa vumbi la saruji. Mzee mwembamba, mikono mirefu, hana nyusi hata unywele mmoja. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye kandambili alisimamisha mkono hewani.

"Mguu wa nani?"

"Wa mama."

Akafuta uso kwa kitambaa, taratibu, muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

"Maji yachemka?"

"Hayachemki."

"Mshale wapanda?"

"Haukupanda hata siku moja."

"Basi injini haina homa. Nyumba ndiyo iunguayo, mwenye nyumba yu mzima. Nao wamempa mwenye nyumba dawa." Akachukua tochi, akajilaza chini ya gari hapohapo kwenye nyasi za watu. Nikasikia sauti yake kutoka chini. "Hapa palikuwa na bati. Na hapa. Na hapa tena, skrubu zipo, bati halipo. Nani aliyatoa?"

Nikakumbuka. Yule mwalimu mwenzangu aliniambia kwa fahari kwamba fundi wake alikuwa ameondoa mabati yote yaliyokuwa yakipiga kelele huko chini. Gari likawa kimya, nami nikalisifu kwa ukimya wake. Hata kile kifuniko kipana cha chini ya injini kilikuwa kimekwenda, labda kilibaki kwenye jiwe fulani.

Mzee alinishika mkono akanipeleka kwenye jiko lingine lililokwisha kukauka, lenye moto ndani. Akanisimamisha mbele ya mdomo wa jiko hadi uso ukaanza kuniwaka, kisha akaweka kipande cha bati kati yangu na moto. Joto likakatika kama mtu aliyefunga mlango.

"Moto una macho," alisema. "Kile akionacho ndicho akichomacho. Mzibe macho. Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili ni hewa. Hewa ya moto ni mgeni, wataka kuja kuniambia umemkaribisha ndani hujamwonyesha pa kutokea?"

Akaniomba unga wa ngano. Nilidhani ana njaa. Kumbe ndivyo wajuzi wa majiko wanavyopima: hutupa unga kidogo ndani wakaangalia unavyogeuka rangi. Alikata vipande vya karatasi ya fedha ya kufunikia chakula, akaweka unga wa kubana kwa vidole viwili kwenye kila kimoja, akavifunga kwa waya sehemu saba kuzunguka injini. Tukaendesha hadi Mambrui na kurudi. Unga wa karibu na turbo ulikuwa mweusi kama kahawa. Wa karibu na nyaya ulikuwa rangi ya biskuti, na mzee akanuna. Wa karibu na kopo la mafuta ya breki ulikuwa mweupe, akashukuru Mungu. Mimi nilivichora vyote kwenye daftari la shule, sehemu na rangi, na nakiri nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kulinunua gari.

Kazi yenyewe ilichukua likizo yangu ya katikati ya muhula. Kwanza alitafuta kama kuna mafuta yanayovuja, akafuta kila kitu hadi kikawa kikavu. "Blanketi likinywa mafuta," alisema, "nitakuwa nimekutengenezea utambi." Blanketi alilosema ni sufi nyeupe ya kauri anayoitandika juu ya majiko ili joto lisitoke nje. Alinikataza kuigusa, akajifunga pua na mdomo, akaikata na kuishona ndani ya bati jembamba lisiloshika kutu, usibaki uzi wa kupeperuka. Akaivika turbo upande wake wa moto tu. Upande wa pili, unaopitisha mafuta ya kulainisha, aliuacha wazi. "Huyu naye apumue."

Yale mabati yaliyotolewa aliyakata upya, akayafunga yakiwa mbali na chuma cha moto kwa upana wa kidole. Nilipomuuliza kwa nini asiyabane kabisa, aliniuliza kama najifunika shuka iliyolowa, isiyoacha hewa kati yake na ngozi. Bomba la ekzosi linalopita chini ya miguu ya abiria alilipa mabati mawili, moja juu ya jingine. Akatengeneza kifuniko kipya cha chini, akaziba kwa mpira zile nafasi pembeni mwa rejeta ili upepo upite katikati yake na usikwepe. Themostati ikarudi mahali pake. Kisha akaziangalia zile washa zilizoinua boneti.

"Huyu aliyefanya hivi, alimuuliza upepo?"

Tulimuuliza sisi. Alinunua sufi nyekundu ya kufumia, akakata vipande urefu wa kiganja, akavibandika kwa gundi ya karatasi juu ya boneti nzima, safu kwa safu. Mimi niliendesha, yeye alikaa nyuma ya bodaboda akinifuata sambamba, akinyoosha shingo na kunipigia kelele: "Kaza! Kaza mwendo! Punguza!" Tulipita hivyo katikati ya Malindi. Wanafunzi wangu walinishangilia. Dereva mmoja wa tuktuk akanisogelea kwenye mzunguko akauliza, "Mwalimu, waolewa tena?" Mama mmoja mwuza mboga aligeuza uso akasoma kitu kimoyomoyo.

Lakini nyuzi zilisema. Zile za nyuma, karibu na kioo, zilikuwa zikiingia kwenye ufa chini ya boneti. Maana yake upepo ulikuwa ukiingia pale pale tulipodhani joto linatoka. Zile za mbele kidogo zilisimama na kurukaruka kuelekea juu, kana kwamba zinafyonzwa. Mzee akatoa washa, akairudisha boneti chini, akapasua mianya miwili kule nyuzi zilikoruka, akaitilia midomo ya bati ili mvua isiingie. Uso wa gari ukaacha kushangaa.

Likabaki jaribio. Mzee akasema lazima iwe njia ileile, saa ileile, mwendo uleule. Kisha akakohoa.

"Na mguu uleule."

"Baba, hatakubali."

"Mimi nasema mambo ya kipimo tu," akajibu, akianza kupanga vyombo vyake vilivyokuwa vimepangwa tayari.

Mama alinikazia macho nilipomwambia. "Nitakuja," alisema hatimaye. "Si kwa ajili yake. Nakuja kwa ajili ya mguu."

Jumamosi hiyo nilimchukua mzee Malindi, tukapita Ngomeni. Mama alitoka amejifukiza udi, buibui jipya, manukato ya kutosha harusi mbili. Kwa ajili ya mguu. Aliketi mbele, mzee nyuma na kopo lake la unga. Wakasalimiana kwa kuniangalia mimi.

"Mwambie huyo bwana asalaam aleikum."

"Mwambie waaleikum salaam, na kwamba avue kandambili, twataka ngozi."

"Mwambie mimi sivuliwi viatu na mtu." Akazivua.

Hivyo tulikwenda hadi Mambrui na zaidi, mimi nikiwa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili. Tulipoanza kupanda, mzee hakuweza kujizuia. Aliona kile kitundu cha hewa ya baridi mbele ya mama kimeelekezwa vibaya, kwa maoni yake. Akainuka, akapitisha mkono mrefu kati ya viti na kukisogeza kidogo kulia.

Mama akaupiga kofi ule mkono.

"Hujaacha! Wee mwanamume, miaka thelathini, hujaacha!"

Alikuwa amemwambia yeye mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. Nilimwona mzee kwenye kioo cha ndani. Alikuwa ameushika mkono wake uliopigwa kama kitu alichookota. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, na nilidhani mama atanitaka nisimame ashuke. Badala yake aligeuka nyuma, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu tulipoondoka.

"Nyusi zako zimekwenda wapi?"

"Moto."

"Ulimchomoa ukuni."

"Nilimchomoa," mzee akakubali.

Mama akageuka mbele. "Vuguvugu," akatangaza baada ya muda, akikanyagakanyaga zulia. "Andika, mwalimu. Mguu wasema vuguvugu."

Tulipofika Marafa, nilipotaka kuzima injini, mzee alinishika bega. Turbo haizimwi ghafla, alisema; iache injini ingurume polepole dakika mbili tatu, mafuta yaendelee kuipoza, la sivyo joto lote alilolifungia litarudi ndani likaunguze yale mafuta. Basi tukakaa. Dakika hizo walizitumia vizuri. Walianza kubishana juu ya kuni, wakaingia kwenye sufuria moja iliyopotea wakati wa kuachana, wakafika kwa shangazi mtu aliyekwisha kufariki, kila mmoja akimtaja kuwa shahidi wake.

Wifi yangu alitoka mlangoni na tumbo lake, akawasikia kabla hajawaona. Alikuja hadi dirishani. Hakuwahi katika maisha yake kuwaona wazazi wake chini ya paa moja. Uso ukambadilika.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu," mama alisema. "Twapima joto. Nenda kaketi, wasimamaje na miguu imevimba hivyo?"

"Na anywe maji," mzee akaongeza.

"Nimekwisha kumwambia maji!"

Wifi aliketi kizingitini, mkono mdomoni, akilia na kucheka pamoja, nami sikujua nimfariji kwa lipi. Mzee alishuka kukagua unga wake, alioufunga upya asubuhi ile. Karibu na nyaya ulikuwa mweupe. Karibu na turbo, nje ya blanketi, ulikuwa umepata rangi ya krimu tu. Alinionyesha kama mtu anayekuonyesha mtoto wake.

Sitasema gari limekuwa barafu. Ni turbo, na hii ni Malindi. Nikikwama nyuma ya malori mchana wa Februari bado nauhisi moto wake, na mara moja kwa mwezi najilaza chini kutazama kama mabati yamelegea na kama kuna tone la mafuta karibu na blanketi. Lakini plastiki haijikunji tena, na mama hupanda na kandambili zake mbili akashuka nazo mbili.

Wakwe zangu hawakurudiana, na atakayekuambia ukaseme wamerudiana kule Ngomeni anataka kukuona ukifukuzwa. Ila wanazungumza. Mzee hupiga simu, mama humwambia hana muda, kisha humweleza kwa saa nzima kwa nini hana muda.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti. Siku ya arobaini yake tulikwenda Marafa sote: mama mbele, mzee nyuma, mume wangu pembeni mwa baba yake. Tulipofika wale wawili walishuka wakibishana juu ya jinsi mtoto anavyopaswa kuvishwa kwa joto lile, wakaingia ndani wakibishana, na tukasikia kila mmoja akimwomba wifi ampe yeye kwanza.

Mume wangu hakuingia. Alisema anataka kuangalia mafuta ya injini. Kwa kuwa hajawahi kuangalia mafuta ya kitu chochote tangu nimjue, nilimwacha kidogo, halafu nikamfuata. Boneti ilikuwa juu. Kijiti cha kupimia mafuta alikuwa amekishika kwa upande usio wake. Kutoka ndani ya nyumba sauti za wazazi wake zilikuwa zikipandana, wala hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake.

"Joto limepungua kweli," akasema, mgongo umenielekea.

"Limepungua."

Akapitisha kiganja machoni. "Huu moshi," akasema.

"Gari halitoi moshi."

"Nimesema moshi, mwalimu."

Nikachukua kile kijiti mkononi mwake, nikakirudisha mahali pake, nikamwambia afunge boneti twende ndani, pilau imekwisha kupakuliwa na shemeji zake hawana adabu na nyama.